Ukaguzi Usioishia Langoni mwa Kambi

Hakuna askari asiyeujua ukaguzi wa asubuhi. Tarumbeta hulia kungali na umande, majina yakaitwa, na yule asiyeitika hutafutwa kabla jua halijapanda. Baadaye afisa wa zamu hupita akitazama vitanda, akafunua sufuria jikoni, akaangalia maji ya kunywa, akaingia chooni, akahesabu ndoo za mchanga zilizowekwa tayari kwa hatari ya moto. Kuruta huona kazi hiyo kuwa udhia mtupu. Askari mkongwe anafahamu sababu yake. Kambi isiyokaguliwa huanza kwa uchafu kidogo, na mwisho wake ni ugonjwa, wizi na ajali.

Siku ya kustaafu hufika. Askari hurudisha vifaa ghalani, hutia sahihi karatasi zake, hupigiwa saluti ya mwisho na kutoka langoni. Tangu saa ile hakuna aitaye jina lake asubuhi. Mtu aliyekaguliwa kila siku kwa miaka 20 huenda akaishi miaka 20 mingine ya uzee wake pasipo mtu hata mmoja kuuliza kama ana maji, kama paa lake linavuja, au kama ameamka. Maelezo ya leo yanahusu jambo hilo, jinsi wazee wa Arua na Koboko walivyotunzwa tangu zamani, na kipimo kinachofaa kutumika juu ya nyumba yoyote anamoishi mzee.

Historia ianzie nyumbani. Mtaalamu John Middleton, aliyekaa miongoni mwa Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952, aliandika kwa kirefu juu ya cheo cha mzee wa ukoo, ambaye kwa Kilugbara huitwa 'ba wara, yaani mtu mkubwa. Mzee huyo ndiye aliyesimamia ardhi ya jamaa, ndiye aliyeamua magomvi, na ndiye aliyetoa sadaka kwa niaba ya walio hai mbele ya wale waliokwisha kufa. Kwa hiyo matunzo yake hayakutegemea huruma ya watoto peke yake. Alikuwa na kazi ambayo hapana kijana aliyeweza kuifanya badala yake, na jamaa nzima ilikuwa na haja naye. Kibanda chake kilikuwa katikati ya vibanda vya wengine. Akikohoa usiku, alisikika.

Hata hivyo haifai kuisifu kale kupita kiasi. Utaratibu huo ulimlinda vyema mzee mwenye watoto na ndugu wengi. Mjane asiye na mtoto wa kiume, au mzee aliyesalia peke yake baada ya maradhi kuumaliza ukoo wake, hakuwa na ngao kama ile. Naye aliweza kunyoshewa kidole cha uchawi mtu alipougua. Tangu zamani, basi, mzee aliye salama ni yule anayeonekana, na mzee aliye hatarini ni yule ambaye hakuna amtazamaye.

Kisha ikaja sare ya askari, nayo ilibadili mambo. Mwaka 1885 Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, alihamishia makao yake Wadelai, ukingoni mwa mto Nile katika nchi ambayo leo ni ya West Nile. Emin alipoondoka pamoja na Stanley mwaka 1889, sehemu ya askari wake walibaki nyuma chini ya Selim Bey. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwafuata huko Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, akawachukua kuitumikia kampuni ya Kiingereza katika Uganda. Askari hao na watoto wao, ndio Wanubi, wakawa nguzo ya majeshi yaliyofuata, hadi kuundwa kwa King's African Rifles mwaka 1902, ambayo batalioni yake ya 4 ilikuwa ya Uganda.

Walipozeeka je, walitunzwa vipi? Wengi hawakupata malipo ya uzeeni ya kila mwezi. Walipewa mahali pa kukaa. Mfano unaojulikana sana ni Kibera, kandokando ya Nairobi, ambako askari wazee wa Kinubi waliruhusiwa kujenga mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 eneo hilo, lililozidi ekari 4,000, lilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Lakini ruhusa ya kukaa si hati ya kumiliki. Wazee wale walikufa, na watoto na wajukuu wao wakaendelea kudai, huku ardhi ikimegwa mwaka baada ya mwaka. Hatimaye mwezi wa Juni 2017 jumuiya ya Wanubi wa Kibera ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Ahadi ya makazi isiyoandikwa sawasawa ilidumu takriban karne nzima kabla ya kupata karatasi, na ilipoipata, sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imekwisha kwenda.

West Nile yenyewe iliingia katika utawala wa Uganda mwaka 1914, baada ya kupita mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kisha mikononi mwa Sudan. Arua ikafanywa makao makuu ya wilaya. Tangu hapo vijana wa Kilugbara, Kikakwa, Kialur na Kimadi walifuata njia mbili, yaani jeshi na polisi kwa upande mmoja, na mashamba ya miwa ya kusini kwa upande wa pili. Njia zote mbili zilileta fedha nyumbani, na zote mbili ziliwaacha wazee katika kaya zisizo na vijana. Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliwachukua wana wa Afrika ya Mashariki hadi Uhabeshi, Madagaska na Burma. Waliporudi walipewa kiinua mgongo cha mara moja. Mwaka 2019 hati za wakati ule zilidhihirisha kwamba kiinua mgongo hicho kilipangwa kwa rangi ya ngozi: askari Mwafrika alipata pungufu, hata mara tatu, kuliko mzungu wa cheo kile kile. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitoa fedha za kuwasaidia askari wazee wa Jumuiya ya Madola waliobaki, wapate walau milo miwili kwa siku. Miaka zaidi ya 70 ilikuwa imepita, na wengi wa waliostahili mlo huo walikuwa wamezikwa zamani.

Majaribu makubwa zaidi yalikuja baada ya mwaka 1979. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka, maelfu ya askari na raia wa West Nile walivuka mpaka kuingia Sudan na Zaire. Mwezi wa Oktoba 1980 askari wa jeshi la zamani walirudi kwa silaha na kuishambulia Koboko na Arua. Majeshi ya serikali yaliyotumwa kuwafukuza yalilipiza kisasi juu ya raia, na wananchi wengi mno wakakimbia. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliingia katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, ambamo watu walikuwa wamekimbilia hifadhi, na raia wengi wakauawa humo.

Inafaa kila mwenye kuvaa sare autafakari mwaka huo kwa upande wa mzee. Kijana hukimbia usiku mmoja hadi mpakani, na mama hubeba mtoto mgongoni. Lakini nani ambebe bibi asiyeweza kutembea? Wapo waliobebwa kwa machela na kwa baiskeli. Wapo pia waliobaki mlangoni pao, kwa sababu miguu ilikataa au kwa sababu hawakutaka kuyaacha makaburi ya wazazi wao. Kwa mzee aliyebaki, usalama ulimaanisha jambo moja tu, nalo ni mwenendo wa yule askari aliyefika mlangoni. Kabla ya sheria na majengo, kipimo cha kwanza cha matunzo ya wazee ni hicho, kwamba mtu mwenye bunduki akikuta mzee peke yake, mzee huyo abaki salama.

Tangu mwaka 1986 wakimbizi walianza kurudi kwa wingi, hasa vita vilipoenea kusini mwa Sudan. Waliporudi walikuta kaya zimeota nyasi. Na gurudumu likageuka. Mwaka 2013 kambi ya Lobule ilifunguliwa katika Koboko kwa ajili ya watu waliotoka Kongo. Mwaka 2016 vita vya Sudan ya Kusini vilipofika Yei, watu wa upande ule, ambao wengi wao ni Wakakwa, walivuka kwa maelfu kuja kwa wale waliowahi kuwapokea miaka ya 1980. Miongoni mwao walikuwamo wazee waliopotezana na watoto wao njiani. Hivyo swali la nani amtunze mzee asiye na jamaa karibu, ambalo Waganda wengine hulisikia kama habari ya nchi za mbali, limekuwa swali la kila siku katika West Nile.

Nyumba za kuwatunzia wazee si kitu kigeni katika Afrika ya Mashariki. Huko Nalukolongo, Kampala, Kardinali Emmanuel Nsubuga alianzisha mwaka 1978 nyumba ya wazee na walemavu, ambayo huhudumiwa na masista, na ambayo Papa Francis aliitembelea mwezi wa Novemba 2015. Unguja inazo nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na Pemba inayo ya Limbani. Zanzibar ilikwenda hatua nyingine mwezi wa Aprili 2016, ilipoanza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, awe aliajiriwa zamani au hakuajiriwa.

Uganda nayo imepiga hatua zake. Katiba ya mwaka 1995 inataka serikali iweke mpango wa kufaa kwa ustawi wa wazee. Sera ya taifa juu ya wazee ilitolewa mwaka 2009, na sheria ya Baraza la Taifa la Wazee ilipitishwa mwaka 2013. Mpango wa ruzuku ya wazee ulianza katika wilaya chache, zikiwamo Nebbi na Zombo za West Nile, na tangu mwaka wa fedha wa 2020/21 ulipelekwa nchi nzima kwa wale waliotimiza miaka 80. Katika uchaguzi wa mwaka 2021 wazee walipata kwa mara ya kwanza viti vyao 5 katika Bunge. Umoja wa Afrika kwa upande wake ulipitisha mwaka 2016 itifaki ya haki za wazee, iliyoanza kutumika mwaka 2024. Kifungu chake cha 11 chahusu nyumba za matunzo. Chasema kwamba kukaa humo kuwe kwa hiari, gharama yake iwe ya kumudu, na huduma ifikie kiwango cha chini kilichowekwa na taifa.

Maneno hayo, kiwango cha chini, ndiyo yenye uzito. Mtu aweza kudhani kwamba nyumba ikiisha kujengwa kwa matofali na kupakwa chokaa, kazi imekwisha. Mambo yaliyotokea mwaka 2020 katika nchi tajiri yanaonyesha kwamba sivyo. Ugonjwa wa Korona ulipozipiga nyumba za wazee, serikali za Hispania na Kanada zililazimika kuwatuma askari. Mwezi wa Machi waziri wa ulinzi wa Hispania alieleza kwamba askari waliotumwa kusafisha nyumba hizo walikuta wazee wametelekezwa, na wengine wakiwa wamekufa vitandani mwao. Huko Kanada, ripoti ya jeshi iliyotolewa hadharani mwezi wa Mei juu ya nyumba 5 za jimbo la Ontario ilitaja mende, chakula kilichooza, dawa zilizopitwa na wakati, na wazee walioachwa katika nguo chafu wakilia kuomba msaada.

Nyumba hizo zilikuwa na umeme, maji ya bomba na vitanda vya chuma. Zilikuwa na sheria na leseni. Zilichokosa ni jicho lenye kuona kila siku na kalamu yenye kuandika bila kuogopa. Waliokuwa na jicho hilo walikuwa askari. Walitazama kile ambacho kila askari hufundishwa kutazama, yaani jiko, kitanda, choo, ghala ya dawa na orodha ya majina, kisha wakaandika walichokiona.

Hapo askari na polisi wa Arua na Koboko wana jambo la kuwafaa. Kipimo cha nyumba ya wazee si elimu ya siri. Kwanza ni majina. Kila mzee ajulikane kwa jina lake, aonekane kwa macho kila asubuhi, na mauti au ugonjwa wake uandikwe siku ile ile. Pili ni jiko na maji. Mzee asiye na meno hali mahindi ya kuchoma, na mzee asiyeweza kufika mtungini hufa kwa kiu huku mtungi umejaa. Tatu ni choo, kiwe karibu, chenye mwanga usiku na kitu cha kushikilia, maana mvunjiko wa nyonga huweza kumlaza mtu asiinuke tena. Nne ni moto. Katika nyumba ya nyasi yenye koroboi na jiko la mkaa, mlango ufunguke upesi kutoka ndani, na yule asiyeweza kutembea asilale mbali na mlango. Tano ni dawa, nani ampe, saa ngapi, na kiasi gani. Sita ni fedha. Ruzuku ya mzee iandikwe katika daftari, naye mwenyewe, au mtu amwaminiye, aoneshwe hesabu.

La saba ndilo gumu kuliko yote, nalo ni ulimi. Mzee awe na mtu wa kumlalamikia ambaye si yule anayemlisha. Askari hulijua jambo hili vizuri. Malalamiko yanayopitia kwa mlalamikiwa hayafiki kokote. Na pamoja na hayo yote, hiari. Hakuna mzee anayepasa kuandikishwa kwa nguvu katika nyumba ya matunzo ili shamba lake lipatikane.

Sehemu kubwa ya wazee wa West Nile hawaishi katika nyumba za aina hiyo. Wanaishi katika kaya za ukoo, au katika vibanda vya wakimbizi, au na wajukuu ambao wazazi wao wako mjini. Je, kipimo hicho kinawahusu? Chawahusu zaidi, kwa maana nyumba ya matunzo yaweza kufikiwa na mkaguzi, lakini ni nani anayeingia katika kibanda cha nyuma ya uwanja? Mtungi hupimwa vilevile, choo hupimwa vilevile, na daftari la ruzuku ni lile lile.

Polisi hawapaswi kungoja mzee afe ndipo wafike. Wazee, hasa wanawake wajane, wanapotuhumiwa kwa uchawi au kwa kuwapa watu sumu, tuhuma huanza kama mnong'ono, zikawa kelele, zikawa mawe. Polisi anayeufahamu mnong'ono mapema na kufika mlangoni kwa mjane huyo mchana, akaonekana na majirani akiketi naye kwa mazungumzo, amefanya kazi kubwa kuliko yule anayefika usiku kuhesabu majivu. Ndivyo ilivyo pia kwa ugomvi wa ardhi, ambao mara nyingi hujificha chini ya maneno ya uchawi. Mwenye kutaka shamba humwita mwenye shamba mchawi.

Kwa askari aliye mbali na nyumbani, likizo ni nafasi ya ukaguzi. Wengi hufika na sukari, sabuni na shuka jipya, wakapokewa kwa furaha, wakaketi barazani, wakarudi kambini wakidhani wametimiza wajibu. Sukari ni heshima, lakini haifungi paa. Mwana aingie chumbani kwa mama yake alalamo. Ashike kitanda, atazame njia ya kwenda chooni wakati wa mvua, aulize ni nani amjuaye jina usiku akiugua. Afanye kwa mzazi wake kile ambacho afisa wa zamu humfanyia yeye kila asubuhi, tena afanye kwa adabu, maana huyo anayekaguliwa ndiye aliyemfundisha yeye kutembea.

Wahenga walisema, asiyemsikia mkuu huvunjika guu. Wazee wa Arua na Koboko wamepita katika tawala nyingi, vita vingi na mipaka mingi, nao wamekwisha kusema ya kutosha. Walipewa ardhi isiyo na hati, kiinua mgongo kilichopimwa kwa rangi, na ahadi zilizofika baada ya mazishi. Kinachotakiwa sasa si ahadi nyingine. Ni gwaride la kila asubuhi, popote mzee alipo, katika nyumba ya matunzo, katika kaya au katika kibanda cha mkimbizi. Majina yaitwe, na jina lake nalo lisomwe, na asipoitika, atafutwe kabla jua halijapanda.